Watano Wangu wa Shenyang

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeamua. Nakwenda kutoa mbegu.

Si mbegu za ngano. Mbegu za kiume. Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa kantini hapa saiti: benki ya mbegu ya mjini inatafuta wanaume wenye afya, kuanzia miaka ishirini na miwili mpaka arobaini na mitano, kimo sentimita mia moja sitini na tano kwenda juu. Posho ipo. Fundi Leng, anayepanga vigae ghorofa ya juu yetu, alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio huku kashika bakuli la tambi. Bweni zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote ili nisijulikane.

Posho siihitaji. Nina miaka thelathini na sita na kazi ya plasta inanilisha. Ninachotaka ni kwamba duniani kuwe na mtu mwenye masikio yangu. Masikio yetu ukoo wa Dou yamekaa nje kama vishikio vya sufuria. Yalikuwa ya babu, yakawa ya baba, yakaja kwangu. Yakiishia hapa itakuwa hasara.

Kwetu Tongwei, mkoani Gansu, wasichana wa rika langu walikwenda viwandani kusini, wakaolewa huko huko. Wavulana tulibaki na viazi. Zamani mshenga alikuwa anakuja nyumbani, anakunywa chai, anamsifia mama mlima wake wa viazi. Siku hizi akipita anamsalimia mama bila kusimama, kama mtu anayewahi basi.

Jumanne, 5 Novemba

Tatizo. Nimejipima stoo kwa futi ya kazi. Nimepungua unene wa kidole.

Nilimwambia Leng kwa sababu siri hainikai. Alinizunguka kama mtu anayekagua ukuta uliopinda. Akasema ni mifuko ya saruji, imenishindilia miaka yote hii. Akasema asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni, kwa hiyo niende nikitoka kitandani moja kwa moja, na kabla ya hapo nining'inie.

Nimening'inia kwenye bomba la jukwaa la ujenzi wakati wa chakula cha mchana. Leng akanivuta miguu. Wapakaji rangi wakaja kutazama. Mmoja akauliza huyu kafanya kosa gani.

Kisha Leng akasema na yeye atakwenda. Nilishangaa. Leng ni mtu wa Shandong, mrefu kama nguzo ya umeme, ana mke na mabinti wawili. Nikamuuliza watoto wengine anawatakia nini. Akasema, "Watoto wa nini, kaka? Mimi nafuata posho, na kupimwa figo bure."

Kupimwa figo. Nimemwachia miguu yangu aivute, na moyo wake uko kwenye figo.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumekwenda. Nilisafiri kwenye basi nimesimama wima, sikuegemea kitu, nisije nikapungua njiani.

Aliyetupokea anaitwa Nesi Meng. Dada kijana, mtaratibu, ana miwani inayoteleza. Alinisimamisha chini ya kipimo. Akatazama. Akasema, "Fundi, teremsha visigino." Nikateremsha nusu. Akasema, "Na nusu iliyobaki." Nikateremsha vyote, nikavuta shingo, nikawaza mawingu. Akashusha ubao mpaka ukagusa utosi, akashusha tena mpaka ukalaza nywele nilizozipandisha kwa maji ya sukari. Kisha akaandika sitini na tano. Ningeweza kumnunulia bata mzima.

Baadaye akaniuliza kwa nini nataka kutoa. Kabla yangu Leng alishajibu kwa sauti kwamba anataka kusaidia jamii. Mwongo mkubwa. Mimi nilikuwa nimeandaa jibu kama lake, lakini mdomo ukasema, "Nataka awepo." Nesi Meng akasukuma miwani juu. Akauliza nani. Nikasema sijui, yeyote atakayekuwepo.

Ndipo akanieleza sheria. Mtoto sitamwona. Jina lake sitalijua, wala yeye langu. Siruhusiwi kuacha barua, picha wala salamu. Nikauliza kama naweza kuacha ujumbe mfupi tu kwamba viazi vinafaa kuchomwa kwenye majivu, visichemshwe. Akasema hapana, fundi, hata viazi.

Halafu akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Mbegu za mtu mmoja zinaweza kuwapatia mimba wanawake watano, si zaidi. Hiyo ndiyo sheria.

Watano.

Nilikwenda kuomba mmoja.

Sharti la mwisho: kujizuia siku tano kabla ya kipimo, usijiguse wala usiguswe. Akaniuliza kama nimeoa. Nikasema sijaoa. Akasema basi kwangu itakuwa rahisi. Nesi bado mdogo, hajui mambo.

Jumapili, 10 Novemba

Nakwenda hamamu kila siku baada ya kazi. Hapa Shenyang mtu hafanyi jambo kubwa kabla hajasuguliwa. Harusi, mwaka mpya, kwenda kuonana na wakwe, kwanza ni hamamu. Na mimi nina jambo kubwa kuliko yote. Siwezi kupeleka watoto wangu duniani nikiwa na vumbi la plasta.

Mzee Pang, msuguaji, amenisugua mpaka nimebadilika rangi. Uchafu ulitoka kama tambi. Akasema, "Mdogo wangu, hapa kuna mtu mwingine ndani, ngoja tumtoe." Nilimwambia naandaa shughuli. Akauliza naoa. Nikasema karibu na hivyo. Akaniambia basi nikae bwawa la moto, lile ambalo wazee hutia mguu wakatoa mlio, damu iamke. Nimekaa mpaka vidole vikakunjamana. Nikatoka, nikaingia chumba cha mvuke, nikarudi tena bwawani. Jana vilevile. Juzi vilevile.

Kwenye maji moto ndipo wanapokuja. Wa kwanza ni msichana, anakaa Dalian, anaiogopa bahari lakini hasemi. Wa pili mvulana mvivu. Namlaumu mama yake, anamlea kama yai. Wa tatu na wa nne sijawaona vizuri, wanakimbiakimbia. Wa tano anakaa mahali penye baridi sana na hapendi kofia. Nimekuwa na wasiwasi naye jioni nzima. Kama mama yake hajui kufunga kofia vizuri, masikio yale yatagandishwa na upepo wa kwanza.

Leng alinikuta nikitabasamu majini. Akasema nafanana na andazi linaloiva kwenye mvuke.

Jumanne, 12 Novemba

Siku yenyewe.

Nilipewa kikombe na chumba chenye kochi na sinki. Kilichoendelea humo ni changu. Nitasema tu kwamba ilichukua muda, kwa sababu kila nilipoanza kuwaza wanawake, wale watano walinitazama.

Kuna kidirisha kidogo cha kukabidhia. Nilikikabidhi kikombe kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni chai. Mkono wa Nesi Meng ukakipokea. Nikainama nimwambie taratibu dada, wako humo. Kidirisha kilikuwa kimeshafungwa.

Tukasubiri majibu kwenye viti vya plastiki. Leng akasinzia. Mimi nilimwazia wa tatu, nikaamua ni msichana.

Aliyeniita ni Daktari Shao, mama mtu mzima, sauti yake ni ya mtu aliyekwisha kusema habari mbaya nyingi na haoni haja ya kuzunguka. Alisema mbegu ni chache, na zilizopo zimelegea. Aliniuliza kama navuta sigara. Hapana. Kama nakunywa. Sikukuu tu. Kama niliumwa karibuni. Hapana. Kama nakaa kwenye joto. Nikasema kwa fahari kwamba kila siku nimekuwa hamamu, bwawa la moto kabisa, na mvuke, kwa heshima ya shughuli.

Aliweka kalamu chini.

Akanieleza kwamba mbegu hazipendi joto. Ndiyo maana zimewekwa nje ya mwili, zipate ubaridi, na mimi nimezichukua nikaziloweka. Akasema haoni dalili kwamba nilizaliwa hivyo, labda ni joto tu, labda na kazi. Niachane na hayo maji, nirudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu huchukua muda huo kukomaa.

Nimewachemsha. Watoto wangu watano, nimewachemsha kama viazi.

Nilimwambia saiti inafungwa mwisho wa mwezi na baada ya mwaka mpya sijui nitapelekwa mji gani. Nikaomba nafasi nyingine kabla. Akasema kanuni inaruhusu kipimo cha pili, ila haoni faida ya kuharakisha. Nikasema mimi naiona. Akanipangia wiki ijayo, kwa uso wa mtu anayempa mtoto pipi ili anyamaze.

Leng amefaulu. Mbegu zake, Nesi Meng alisema, ni nzuri sana. Leng akauliza, "Na figo?"

Ijumaa, 15 Novemba

Hazipendi joto. Basi zinapenda baridi. Jambo rahisi, nashangaa daktari hakulimalizia.

Nimehama kutoka kitanda cha kando ya bomba la joto. Nakaa kwenye roshani ya ghorofa ya tisa, ambayo haijatiwa vioo, baada ya kazi na wakati wa mapumziko. Nje maji yanaganda ndani ya ndoo. Nimevaa makoti mawili juu, na chini suruali moja pana ya kazi, bila nguo ya ndani. Nimekalia mfuko wa mapeari yaliyogandishwa, yale wanayouza mitaani hapa majira haya, magumu kama mawe. Yakianza kulainika nayala, nanunua mengine.

Msimamizi alipita akauliza nafanya nini. Nikamwambia napumzika. Akasema watu wengine wanapumzikia ndani. Akasimama kidogo anatazama mapeari. Akaondoka bila kuuliza zaidi, lakini nikamsikia ngazini akimwambia mtu kwamba yule wa Gansu amechoka, apewe kazi nyepesi.

Sikuona watoto leo. Niliwatafuta, ila baridi ilikuwa kali, nadhani wamejifunika.

Jumatatu, 18 Novemba

Homa. Tangu juzi.

Bweni linazunguka. Leng amenipikia maji ya tangawizi na sukari nyeusi, akanishikilia kichwa ninywe. Akasema kama nilitaka kufa nikiwa nimekalia matunda ningemwambia mapema, angeleta zabibu. Nilitaka kumchukia lakini tangawizi ilikuwa nzuri.

Alikuwa ametoka benki, kutoa kwa mara ya pili. Nilimuuliza walikuwaje. Akauliza kina nani. Nikasema watoto wake. Akasema yeye hakuona watoto, aliona kikombe. Nikamwambia hana huruma: ana watano wanaosubiri kuja duniani na hajui hata kama wana kofia. Akaweka tangawizi chini. Nikadhani nimemshinda.

Kisha akasema binti yake mdogo akimwona kwenye simu anajificha nyuma ya mama yake. Ana miaka minne. Anamwita yule mtu. "Mama, yule mtu anapiga tena." Leng anasema mwaka huu atakwenda nyumbani mapema, atakaa tu uani bila kumsemesha, mpaka amzoee, kama unavyomzoea paka wa jirani.

Nikamwambia angalau ana mtu wa kujificha asimwone. Akageuza uso ukutani. Sikukusudia vibaya.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda. Miguu bado dhaifu. Kikombe, kochi, kidirisha. Safari hii niliwahi kusema, "Taratibu, dada." Sauti ya Nesi Meng ikajibu upande wa pili, "Taratibu, fundi, nimewashika." Alisema nimewashika. Hakusema nimekishika. Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Daktari Shao alinikalisha. Akauliza nimekuwaje tangu siku ile. Nikamsimulia roshani, mapeari, homa. Alivua miwani akafuta macho, sijui kwa nini. Akasema homa nayo ni joto. Ukipata homa unajichemsha kwa ndani.

Mambo haya hayakuandikwa kwenye tangazo.

Majibu: kidogo nafuu, lakini hayafiki. Nikamuuliza kwa hiyo mimi ni mgumba. Akasema hapana kabisa. Akanieleza polepole. Mbegu za benki hugandishwa, halafu huyeyushwa, na nyingi hufa katika kuyeyushwa. Kwa hiyo wanachukua tu za wanaume wenye nyingi kupita kiasi. Mtu wa kawaida hahitaji hizo zote. Akasema, "Wewe, fundi, ukiachana na hamamu na hiyo roshani yako, unaweza kupata mtoto kama watu wote wanavyopata. Tafuta mke."

Tafuta mke. Kana kwamba nilikwenda pale kwa sababu wazo hilo halijanipitia.

Nesi Meng alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa maziwa na biskuti wanazowapa wanaofaulu. Nilimwambia sikufaulu. Akasema anajua, nichukue tu.

Biskuti sikuzila. Nimeziweka. Ni tano, lakini hilo ni bahati tu ya pakiti.

Jumapili, 24 Novemba

Mama amepiga simu ya video. Hashiki simu vizuri; naongea na kidevu chake na dari.

Alisema, "Shuanping, mwanangu, mshenga amesimama." Sikumwelewa. Akasema jana mshenga hakupita, alisimama, akaingia, akanywa chai. Kuna mwanamke kijiji cha bonde la pili, ukoo wa Qiao. Mume wake alikufa mgodini mwaka juzi. Ni mchapakazi, ana kondoo, haongei sana. Ana mtoto wa kike wa miaka sita. Haombi nyumba ya mjini. Anachotaka ni mtu mzima asiyepiga watu.

Kabla sijajibu mama akasema wako pale pale, wamekuja kuazima ungo. Kidevu kikaondoka. Nikaona ukuta, nikaona mwanamke mwenye kitambaa cha kijani akitazama pembeni kwa aibu, halafu skrini nzima ikajaa uso wa mtoto. Uso umebabuka kwa upepo wa kwetu. Jino la mbele halipo.

Akasema, "Anko, wewe ndiye unajenga maghorofa?"

Nikasema mimi napaka kuta zake tu.

Akauliza nikishapaka nani anakaa humo. Nikasema sijui, watu. Akasema, "Huwajui? Unawapakia ukuta na huwajui?" Nikasema ndivyo ilivyo kazi. Akafikiri. Akasema yeye anaitwa Maisui, na kama nikija nimpakie chumba cha kondoo, kondoo wanajulikana, ana majina yao yote. Akaanza kuyataja. Mtandao ukakatika kwenye kondoo wa nne.

Mama akapiga tena peke yake. Akasema kuna fundi magari wa Longxi naye anaulizia, na mwanamke hatasubiri masika. Nije sasa hivi, saiti ikifungwa tu. Nikasema nitafikiri.

Jumatano, 27 Novemba

Saiti imefungwa leo. Leng ameondoka asubuhi, kabeba mdoli mkubwa kuliko begi lake. Alinikumbatia. Akasema, "Nenda nyumbani, kaka." Nikasema naandaa safari.

Na kweli nimeiandaa. Msuguaji, Mzee Pang, nilipokwenda kumuaga, alisema mpwa wake alitoa mbegu mji wa Jinan, na huko hawana ukali kama wa hapa. Walimchukua na yeye ni mfupi na mlevi. Nikarudi mbio. Nimepata tiketi ya kiti, treni ya kesho. Nimekwishapanga kila kitu. Safari hii sitaki joto wala baridi. Nakula figo za kondoo za kuchoma, mishikaki mingi, asubuhi na jioni, na yai bichi juu yake. Tumbo linauma kidogo. Nadhani ni nguvu zinaingia.

Jioni mama akapiga. Nikamweleza nina shughuli Jinan ya wiki mbili tatu, na baada ya hapo labda. Mama akauliza shughuli gani inayoweza kusimama mbele ya hii. Nikasema ni ya kiafya na ya kifamilia, asiwe na wasiwasi. Akasema mtoto amekuwa akija kila siku kuuliza kama yule anko wa kuta amepata mtandao, kwa sababu kuna kondoo hawajatajwa. Anakaa mlangoni pamoja na kuku, anasubiri. Amesuka nywele.

Nikasema ni mtoto mzuri. Nikasema amsalimie. Lakini nikamwambia mama aelewe kwamba huyo ni wa mtu mwingine, na mimi nina wangu watano wanaonitegemea, sasa hivi siwezi kugawanya mawazo.

Mama akauliza watano gani.

Nikaanza kumweleza kuhusu wa Dalian na bahari. Akakata simu.

Nimempigia tena, hapokei. Sijui kimemkasirisha nini. Kama kuna mtu nchi hii nzima anayehangaikia mtoto, ni mimi.